Mustari wa ine wa ordonansi ya meno

Kama ulishatolewa jino hapa mjini mu hii miaka ya nyuma, ndugu musomaji, unajua namna ordonansi inafanana. Mustari wa kwanza: antibiotiki, mara nyingi amoxicilline. Wa pili: dawa ya maumivu. Wa tatu: maji ya kusukutua kinywa. Na chini kabisa, mbele ya sahihi na muhuri, kuna mustari wa ine: vidonge ao vifuko vya probiotiki. Ukiuliza ni dawa ya nini, jibu ni fupi: « Ni ya kulinda tumbo. » Wengine wanaongeza: « Na itafungisha kidonda mbio. »

Hatuandike juu ya mustari ule ili kuuchekelea. Tunaandika kwa sababu ya kitu kinachopita kila siku mbele ya kaunta za farmasi zetu. Mama iko na ordonansi mu mukono mumoja na feza mu mukono wa pili, na ile feza haitoshe. Muuzaji anahesabu, anataja bei ya jumla. Mama ananyamaza kidogo, halafu anauliza: « Ya lazima ni ipi? » Swali zuri kabisa, na mara nyingi hakuna mutu wa kulijibu. Basi anakata mwenyewe: antibiotiki ya siku mbili pahali pa siku tano, probiotiki kisanduku kizima juu kisanduku iko na sura ya dawa kubwa, na dawa ya maumivu anaiacha. Usiku mutoto anakesha akilia, na kesho kutwa antibiotiki imeisha mbele ya wakati.

Wazo letu tuliseme mapema, ili asiye na wakati asitafute mbali. Probiotiki iko na kazi, lakini kazi yake ni ndogo na iko mu tumbo, haiko mu shimo la jino. Na mara nyingi, mbele ya kubishana juu ya mustari wa ine, tungepaswa kuuliza swali juu ya mustari wa kwanza.

Tuanze na jina lenyewe. Probiotiki ni mikrobe yenye uhai. Ndiyo, mikrobe: mutu analipa makuta yake ili ameze vijidudu. Mu 2001, wataalamu walioitwa na FAO na OMS waliipa maana ambayo ingali inatumiwa hata leo: ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, mutu akivipata kwa kiasi cha kutosha, vinaletea afya yake faida. Mu ile sentensi kuna maneno mawili ya kushika: « hai » na « kiasi cha kutosha ». Tutayarudilia, kwani biashara mingi inapita katikati ya hayo mawili.

Wazo si la jana. Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa mu ufalme wa Urusi na kufanya kazi miaka mingi ku Institut Pasteur ya Paris, njo alilitangaza mwanzoni mwa karne ya 20. Alipata tuzo ya Nobel mu 1908, kwa kazi yake juu ya namna mwili unajikinga, si juu ya maziwa. Lakini alisadiki kwamba wakulima wa Bulgaria wanaishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya kuchacha, na yeye mwenyewe alikuwa anayakunywa. Nyuma yake, mu miaka ya 1920, Mufaransa mumoja, Henri Boulard, alikuwa Indochina wakati kipindupindu kilikuwa kinapita. Aliona wenyeji wanatumia maganda ya matunda ya kule, lichi na mangustani, ili kutuliza kuhara. Ku yale maganda akatoa chachu, ndiyo ile inaitwa leo Saccharomyces boulardii. Ni yenyewe inakaa mu vifuko vingi vinavyouzwa mu inchi zinazosema Kifaransa, kwetu pia. Kwa hiyo mwenye kuwaza kwamba ni akili ya mashini za Ulaya tu, ajue kwamba muzungu aliikuta kwa watu waliokuwa wanajitunza na maganda ya matunda.

Sasa kazi yake. Antibiotiki haichague. Inaingia mu mwili ili kuua mikrobe ya jino, na mu njia inaua pia ile ya matumbo ambayo haina kosa, ile inatusaidia kusaga chakula na kuzuia mikrobe mbaya isipate kiti cha kukalia. Njo maana watu wengine wanaanza kuharisha siku za kwanza za amoxicilline, na zaidi kama ile amoxicilline imeunganishwa na acide clavulanique. Kwa mutu mukubwa ni usumbufu. Kwa mutoto mudogo ambaye kinywa kinamuuma, hataki kula, hataki hata kunywa, kuhara ni jambo lingine: maji inaisha mu mwili wake mbio sana.

Pahali hapa probiotiki iko na ushahidi, na hatutaukana. Mu 2012, jarida la wanganga la Marekani, JAMA, lilitoa kazi moja iliyounganisha matokeo ya majaribio 63. Wale waliomeza probiotiki pamoja na antibiotiki walikuwa na hatari ya kuharisha ndogo kuliko wengine, karibu 42 kwa mia chini. Iko na sauti nzuri, lakini tuihesabu kwa hesabu ya soko: inabidi watu 13 waimeze ili mumoja aepuke kuharisha. Wengine 12 hawangeharisha hata bila ile dawa, ao waliharisha hata na ile dawa. Kwa watoto matokeo ni mazuri zaidi. Mu 2019, kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima majaribio ya wengine, lilikusanya 33 juu ya watoto: mu wale waliopewa probiotiki, 8 kwa mia waliharisha, mu wale wengine, 19 kwa mia. Na dozi iliyofanya kazi vizuri ilikuwa ya vijidudu miliari 5 kwa siku ao zaidi. Hapa ndipo « kiasi cha kutosha » kinarudi. Kama kisanduku hakionyeshe hesabu ya vijidudu ao uzito wa chachu mu kila kifuko, mutu ananunua nini? Ananunua picha ya tumbo yenye kucheka.

Kuna pia habari moja ambayo wauzaji hawaipende. Mu 2018, watafiti wa Institut Weizmann, Israeli, waliangalia mu matumbo ya watu waliokuwa wamemaliza antibiotiki. Wale waliopewa probiotiki ya mikrobe ya aina nyingi, mikrobe yao ya asili ilikawia kurudi kuliko ile ya watu walioachwa hivihivi, pasipo kupewa kitu. Walikuwa watu wachache, na utafiti mumoja hauvunje mingine yote. Lakini unatosha ili tuache kusema « kama haisaidie, haiumize ». Mugeni unayemuingiza mu nyumba anaweza kukawisha wenye nyumba kurudi.

Na kidonda cha kinywa? Hapa tuende polepole, kwa sababu ndipo watu wanadanganywa zaidi.

Jino likitoka, shimo linajaa damu, na ile damu inaganda. Kile kipande cha damu iliyoganda njo bandeji ya Mungu: kinafunika mufupa na mishipa, na chini yake nyama mupya inaota. Munganga akikuuma pamba ku meno nusu saa, anatafuta kitu kimoja tu, kwamba ile damu igande na ibaki pahali pake. Ikitoka, mufupa unabaki wazi, na kisha siku mbili ao tatu mutu anasikia maumivu yanayopanda mpaka ku sikio, na harufu mbaya mu kinywa. Wanganga wanaita ile alvéolite. Nani anaitoa ile damu? Sigara. Kutematema mate. Kusukutua kinywa kwa nguvu siku ileile ya kung'olewa. Kunyonya kinywaji na mrija. Ulimi wenye kuchunguza, na kijiti cha meno chenye kuchunguza kuliko ulimi. Hakuna kidonge kinachoshuka mu tumbo ambacho kitashikilia ile damu pahali pake.

Ni kweli kwamba kuna probiotiki za aina ingine, za kumumunya mu kinywa sawa vile bonboni. Moja inajulikana sana, iko na mikrobe inayoitwa Lactobacillus reuteri. Mu Sweden waliijaribu ku watu waliopasuliwa ili kuondoa jino la akili la chini, na matokeo yalitoka mu 2019. Wanganga walipotazama vidonda, hawakuona tofauti katika wale waliopata ile bonboni na wale waliopata ya bure isiyo na mikrobe. Ila wagonjwa wenyewe walisema walisikia uvimbe kidogo, usiku walilala vizuri zaidi, na siku za kukosa kazi zilikuwa chache. Si bure. Mutu mwenye kazi ya siku kwa siku anajua bei ya siku mbili za kukaa nyumbani. Lakini ni utafiti mumoja, na ni juu ya kitu cha kumumunya. Kuchukua ushahidi wa ile bonboni na kuuzia watu vifuko vya tumbo ni sawa na kuuzia mwenye gari matairi ya kinga. Tena, na hii hatukuikuta ku ordonansi hata moja: maji ya kusukutua ya mustari wa tatu, kama ni chlorhexidine, kazi yake ni kuua mikrobe ya kinywa. Anayemumunya probiotiki kisha anasukutua na chlorhexidine, analipa mara mbili kwa kazi ya kujenga na kubomoa.

Turudi basi ku mustari wa kwanza.

Mu 2021, Cochrane walirudilia swali hili: kumupa mutu antibiotiki ili kuzuia ambukizo nyuma ya kung'oa jino, inasaidia? Walijibu kwamba inasaidia, lakini kidogo: karibu watu 19 wanapaswa kuimeza ili mumoja aepuke ambukizo. Kwa mutu mwenye afya nzuri, waliona kwamba pengine haifai kuwapa wote, juu ya madhara yake na juu ya mikrobe inayojifunza kushinda dawa. Sasa uunganishe hesabu zote mbili. Wengi wanameza antibiotiki ambayo hawakuihitaji, halafu wanameza probiotiki ili kutuliza tumbo lililochafuliwa na ile antibiotiki. Dawa ya pili inauzwa ili kutengeneza kazi ya dawa ya kwanza, na mugonjwa ndiye analipa zote mbili.

Tunajua mutakachotujibu, na wanganga wetu watatujibu vilevile: « Yale majaribio si ya hapa. » Ni jibu la kweli. Mingi yalifanywa ku watu wenye afya, mu vyumba safi, na vyombo vilivyochemshwa vizuri. Kwetu mutu anafika kwa munganga wa meno wakati shavu limeshavimba, usaha umeshajaa, na alishajaribu karafuu, mafuta ya gari, na kidonge cha jirani. Kuna wenye sukari mu damu, kuna wenye virusi vya sida, kuna wenye ugonjwa wa moyo. Kwa wale wote, Cochrane wenyewe wanasema matokeo yao hayawezi kutumiwa hivihivi, na antibiotiki inaweza kuwa njo inaokoa maisha. Tunaongeza sababu nyingine ambayo wanganga hawaiseme kwa sauti: mugonjwa hatarudi. Kulingana na OMS, mu Afrika kati ya 2014 na 2019 kulikuwa karibu wanganga wa meno 3 tu kwa watu 100 000. Mugonjwa anayetoka mbali, akishalipa transporti ya kwenda, ile ya kurudi kwa kontroli anaitafuta wapi? Kwa hiyo munganga anamuandikia kila kitu siku moja, sawa vile mama anamufungia mwanafunzi chakula cha muhula muzima. Tunaelewa. Hatumuhukumu.

Lakini ile tabia ina bei yake, na bei haiko ku farmasi tu. Wataalamu walihesabu kwamba mu 2019 pekee, mu dunia nzima, watu karibu milioni 1,27 walikufa kwa sababu ya mikrobe ambayo dawa haziiweze tena, na Afrika chini ya Sahara ndiyo iliumizwa zaidi. Antibiotiki inayouzwa kidonge kimoja kimoja, iliyokatwa siku mbili juu ya kukosa feza ya kisanduku cha probiotiki, inaongezea ile hesabu. Pale ndipo mustari wa ine unaacha kuwa kitu kidogo: wakati unakula feza ya mustari wa kwanza. Tuseme wazi, ili mutu asichukue gazeti letu kuwa ordonansi: kama munganga ameona kwamba unahitaji antibiotiki, meza yote kufuatana na siku alizosema. Usiikate. Ukikosa feza, kata probiotiki.

Na neno « hai »? Lina shida yake mu inchi yenye jua. Mikrobe mingi ya probiotiki inapenda baridi. Mingine imekaushwa vizuri na inavumilia, kama chachu ya Boulard ikiwa imekaushwa kwa namna yake na kifuko kimefungwa kabisa. Mingine inakufa polepole mu kisanduku kilichokaa juani, ao mu frigo isiyo na umeme tangu juzi. Hapa kwetu délestage haibagui. Inapita kwa muuza samaki na inapita pia kwa farmasi. Samaki ikiharibika, pua inakuambia. Probiotiki ikikufa, haitoe harufu, na unga unabaki na rangi ileile. Basi muulize muuzaji: hii inawekwa wapi? Ukiona imeandikwa 2 mpaka 8 °C na yeye anaitoa ku rafu iliyo karibu na dirisha, ujue unanunua maiti.

Kuna watu ambao hawapaswe kabisa kupewa hii chachu bila munganga kufikiri mara mbili. Wasimamizi wa dawa wa Ulaya walikataza kuipa wagonjwa walio mahututi, wale ambao kinga ya mwili imeshuka sana, na wale wenye mrija uliowekwa mu mushipa mukubwa wa damu, kwa sababu imeonekana chachu inaweza kuingia mu damu na kuleta ugonjwa mukali. Hata kufungua kifuko karibu na kitanda cha mugonjwa wa namna hiyo haifai. Na aliye na utandu mweupe mu kinywa, anayetunzwa na dawa ya kuvu kama nystatine ao fluconazole, hana faida nayo: ile dawa itaua chachu, kwani chachu ni jamaa ya kuvu.

Sasa tuongee kidogo juu ya chakula, maana barua tunazopata ziko zote na swali moja: « Maziwa yetu ya kuchacha haitoshe? »

Ndugu zetu wa Kivu wako na mashanza na kivuguto. Sisi huku Katanga tuko na munkoyo. Vyote vinachachwa na mikrobe, vyote viko na watu wao wa kuvisifu, na sisi pia tuko mu wale. Lakini si dawa. Hakuna aliyehesabu vijidudu vilivyo mu kibuyu cha shangazi, na vinabadilika toka siku moja mpaka nyingine. Ni chakula, na kwa mutu aliyetoka kung'olewa jino ni chakula kizuri, juu ni laini, ni baridi, na iko na nguvu. Mutu asiyeweza kutafuna bugali siku mbili, bakuli ya maziwa ya kuchacha inamusaidia kuliko soda. Na kwa sababu tumegusa bugali: mihogo yetu nayo inachachuka mu maji mbele ya kusagwa, lakini moto wa chungu unaua kila kitu. Asije mutu akasema anakula probiotiki kila mangaribi.

Masharti yapo. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta brucellose na kifua kikuu cha ng'ombe. Kwa hiyo chemsha kwanza, acha yapoe, halafu utie kijiko cha yale ya jana ili yachache. Kunywa na kikombe ao kijiko, si na mrija, kwa ile sababu ya damu iliyoganda. Munkoyo subiri siku chache: iko na makapi yanayoingia mu shimo, na ikikaa inakuwa na pombe. Pombe haipatane kabisa na métronidazole, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl na ambayo wanganga wa meno wanaiandika mara mingi. Anayemeza métronidazole aache munkoyo ya zamani, kasiksi, bia, yote, mpaka siku mbili nyuma ya kidonge cha mwisho. Na maziwa? Amoxicilline haina neno nayo. Doxycycline na ciprofloxacine ziko na neno: maziwa yanazuia dawa kuingia mu mwili, kwa hiyo uulize ziachane masaa ngapi.

Kama munganga amekuandikia probiotiki na uko na uwezo wa kuinunua, basi uimeze kwa akili. Uanze siku moja na antibiotiki, usingojee tumbo liharibike. Kama ni ya bakteria, iachanishe na antibiotiki masaa mawili ao zaidi, kwani antibiotiki haijue kwamba hawa ni marafiki. Kama ni chachu ya Boulard, antibiotiki haiiui, lakini maji ya moto inaiua: usiitie mu chai. Kwa mutoto anayeharisha hata hivyo, kifuko cha kwanza cha kutafuta si cha probiotiki, ni kile cha SRO na maji safi. Bei yake ni ndogo, na njo inaokoa.

Tuko na maombi mawili. La kwanza tunalipeleka kwa wanganga wa meno na wauguzi wanaong'oa meno mu santre zetu: wekeni namba ya lazima mbele ya kila dawa ku ordonansi. Moja, mbili, tatu. Mama akifika ku farmasi na feza nusu, ajue ya kuanzia, asikisie. Haitawakula dakika hata moja. Na pale kwenye mustari wa ine, kama mugonjwa ni mutu mukubwa mwenye afya, na antibiotiki ni ya siku chache, muulize kalamu yenu kama ule mustari unatoka mu akili ao mu mazoea. Tunajua pia wajumbe wa kampuni za dawa wanapita mu santre na kalamu mupya na kalenda. Kalenda ni nzuri. Isiandike ordonansi.

La pili ni kwa wenye farmasi. « Inafungisha kidonda mbio » ni neno ambalo hamuwezi kulionyesha ku karatasi yoyote ya ndani ya kisanduku. Liacheni. Semeni: « Inapunguza hatari ya kuharisha, haiko ya lazima. » Mutauza kidogo leo, lakini yule mama atarudi kwenu kesho, maana amepata pahali anaambiwa kweli.

Kwa wewe uliye na pamba mu kinywa wakati unasoma haya, feza yako ya kwanza iende hivi: dawa ya maumivu, antibiotiki kama kweli imeandikwa kwa sababu ya ugonjwa, na chumvi ya jikoni. Siku ya kwanza usisukutue. Toka siku ya pili, kijiko kidogo cha chumvi mu kikombe cha maji vuguvugu, kisha kila chakula, polepole, na kuyaacha yatoke yenyewe bila kutema kwa nguvu. Meno mengine uyasugue kama kawaida, ukizunguka mbali na shimo. Kisha, weka ile transporti ya kurudi pembeni, hata kama ni kukopa. Kwani maumivu ya kawaida inapunguka kila siku. Kama siku ya tatu inaongezeka pahali pa kupunguka, ao kuna homa, ao shavu linavimba upya, ao kinywa hakifunguke, ao kumeza mate kunakuwa shida, usiende ku farmasi kuongeza kisanduku kingine. Rudi kwa munganga siku ileile, na kama ni usiku na pumzi inakuwa nzito, enda ku hospitali bila kungojea asubui.